Steringi hafi? Somo la vibanda vya vidio

Majuma machache yaliyopita, mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefunza katika shule ya upili isiyo mbali na Njoro aliniletea rundo la insha za wanafunzi wake wa kidato cha pili. Alikuwa amewataka watunge kisa kinachooana na methali "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Alichokipata ni vita. Katika insha moja, dunia ilikuwa imekwisha kuteketea, miji imegeuka magofu, mito imekauka, na kijana mmoja asiyekuwa na silaha ila miguu yake aliwaangusha maharamia 20 kabla ya jua kutua. Nyuma yake alifuata dada yake, amebeba mtungi wa maji, wala hakusema neno. Insha hiyo ilitamatika kwa sentensi ya maneno mawili: "Steringi hafi."

Mwalimu aliituza alama 4 kati ya 20. Kisha akanisihi, kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu na huandika gazetini mara kwa mara, niulaani hadharani ugonjwa huu wa filamu za mateke ambao, kwa maoni yake, unaiua fasihi yetu.

Sina budi kumwomba radhi. Nimeusoma uzi wa insha ile mara tatu, na kila mara nimejiona mwenyewe nikiwa na umri wa mwandishi wake. Badala ya kulaani, nataka tuzungumze, walimu kwa wanafunzi, kuhusu filamu hizi zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zinazosimulia dunia iliyokwisha angamia na wanaume waliosalia kupigana ngumi juu ya vifusi. Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende.

Tuanze na neno lenyewe, maana neno ndilo shamba langu. "Steringi" halimo katika kamusi nyingi zinazotumiwa shuleni, lakini vijana wa Nakuru, Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Asili yake ni neno la Kiingereza "starring", lililoandikwa kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu likifuatwa na jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji wetu walilichukulia kuwa cheo, kama vile kapteni au sultani. Wakalipachika irabu ya mwisho, wakalitia katika ngeli ya A-WA, wakaliundia wingi: masteringi. Hapakuwa na kamati wala baraza lililoketi kulisanifisha. Na mara lilipokwisha kuwa letu, likazaa msemo ambao ni kanuni nzima ya utunzi: steringi hafi.

Mimi niliipata kanuni hiyo mwaka 1994, katika kibanda kimoja cha vidio mtaani Kaptembwo. Kilikuwa chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao yasiyoegemeka, na mbele televisheni ndogo juu ya meza ndefu. Kiingilio kilikuwa shilingi tano. Wazazi walituonya kwamba humo mlikuwa na wavuta bangi na wezi, na hawakukosea kabisa. Lakini humo pia ndimo nilimosikia Kiswahili kikifanya kazi ambayo sijaiona ikifanywa katika vitabu vingi nilivyovisoma baadaye.

Filamu ninayoikumbuka zaidi ni Cyborg, ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Albert Pyun na ambayo steringi wake ni Jean-Claude Van Damme. Kisa chake ni chepesi. Tauni imeiangamiza dunia. Yuko mwanamke aitwaye Pearl Prophet ambaye amekubali kugeuzwa nusu mashine ili abebe kichwani maarifa ya tiba, kutoka New York hadi kwa madaktari waliosalia Atlanta. Njiani anatekwa na genge la maharamia linaloongozwa na Fender, mtu anayeupenda ulimwengu ulioharibika kwa kuwa ndani yake yeye ndiye mfalme. Gibson, mpiganaji aliyewahi kudhulumiwa na Fender, anawafuata. Katikati ya hadithi Gibson anapigwa, anasulubishwa juu ya mlingoti na kuachwa afe. Anaupiga mlingoti kwa kisigino, teke baada ya teke, mpaka unakatika. Kibanda kizima kilisimama. Steringi hafi!

Wanafunzi huenda wakashangaa kusikia kwamba filamu hii ilitokana na ukata. Kampuni ya Cannon ilikuwa imegharimika kuandaa mavazi na mandhari ya filamu mbili kubwa ambazo hazikutengenezwa, mojawapo ikiwa ya Spider-Man. Ili mali hiyo isipotee bure, Pyun alipewa chini ya dola 500,000 atunge kitu kingine kwa vilevile vilivyokuwapo. Kwa desturi za Hollywood hizo ni sarafu za kununulia njugu. Filamu ikachumia zaidi ya dola milioni 10 katika Marekani peke yake.

Hapa pana siri ya utanzu wote huu. Mtayarishaji maskini hupenda dunia iliyoangamia kwa sababu maangamizi ni rahisi kununua. Magofu hayalipiwi kodi: hutafutwa kiwanda kilichofungwa, machimbo ya mawe au ufuo mtupu. Mavazi ni matambara. Umati wa watu hauhitajiki, kwa kuwa watu wamekwisha kufa. Mazungumzo ni machache, hivyo waigizaji hawahitaji kuwa mabingwa wa kusema, na filamu huvuka mipaka ya lugha bila pasipoti. Kinachosalia ni mwili wa binadamu na ustadi wake wa kupigana, jambo ambalo tangu enzi za Bruce Lee limethibitika kwamba linaeleweka Hong Kong sawasawa na Kaptembwo.

Pana kichekesho kimoja cha kiisimu ambacho nilikigundua nikiwa mtu mzima. Majina ya wahusika wa filamu ile yametolewa katika duka la ala za muziki! Gibson, Rickenbacker na Fender ni majina ya magitaa. Pearl ni jina la ngoma. Mtafsiri wa kibanda chetu hakuyajua hayo, wala hayakumshughulisha. Yeye alimwita Fender "Macho ya Paka", kwa sababu ya macho yake meupe yanayotisha. Waswahili husema jina jema hung'aa gizani. Hili liling'aa hata umeme ulipokatika, maana tuliendelea kulitaja njiani kurudi nyumbani.

Mtafsiri huyo alikuwa kijana aliyeachia masomo darasa la saba. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi. Kiingereza chake kilikuwa haba, na nadhani nusu ya aliyoyasema hayakuwamo katika filamu. Hata hivyo alikuwa na mbinu zote ambazo leo nawafunza wanafunzi wa chuo kikuu. Pale ambapo filamu ilikuwa na miguno tu, yeye alileta tanakali za sauti: mtu alianguka pu, akazama majini chubwi, mfupa ukavunjika kacha. Alibadilisha sauti kwa kila mhusika. Alituuliza maswali, nasi tukajibu kwa pamoja. Alitumia takriri, chuku, tashbihi na kinaya. Alipoona hadhira imechoka, aliifupisha hadithi. Alipoona imenogewa, alirudisha kanda nyuma.

Siku moja alifanya jambo ambalo sijalisahau. Gibson alikuwa akipita katika kijiji kilichochomwa, nyumba zikifuka moshi. Mtafsiri hakusema kwamba ni Marekani. Alisema, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya mchezo: "Hapa amefika Molo." Baada ya kitambo akaongeza: "Sasa yuaelekea Burnt Forest." Hakuna aliyecheka. Miongoni mwetu walikuwamo watoto ambao wazazi wao walikimbia Molo na Olenguruone katika mapigano ya mwaka 1992, na ambao walikuwa wakiishi kwa jamaa zao, watano wakilala kitanda kimoja. Kwa dakika chache filamu ile ya bei rahisi ilikoma kuwa ndoto ya watu wa mbali. Mtu mmoja, tena asiyekuwa na cheti, alikuwa amelitamka katika Kiswahili jambo ambalo walimu wetu hawakuthubutu kulitaja darasani na wazazi wetu walilinong'ona jikoni.

Nawauliza walimu wenzangu: je, huyo hakuwa fanani? Kila mwaka tunawafunza watahiniwa kwamba fasihi simulizi huwa na fanani na hadhira, kwamba hubadilika kulingana na mahali na wakati, kwamba hadhira hushiriki. Kisha wanafunzi wanakariri kwamba fasihi hiyo inakufa kwa sababu ya televisheni. Ilhali mbele ya televisheni hiyohiyo alisimama fanani aliyetimiza masharti yote. Fasihi simulizi haikufa. Ilihamia kibandani na kulipisha kiingilio.

Wala si Nakuru pekee. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kiasi cha watu kuziita filamu hizo zake. Hapa Kenya, sauti ya DJ Afro imesambaa kwa kaseti, kwa sahani na sasa kwa simu, ikichanganya Kiswahili na Sheng na kuzifanya filamu za Hong Kong na India zionekane kana kwamba zimetukia Gikomba. Wapo wanaokereka na Sheng yake. Mimi pia nina shaka zangu. Lakini mtu anayewafanya maelfu ya vijana wa makabila mbalimbali wacheke kwa pamoja katika lugha moja, anastahili walau kusikilizwa na mwalimu wa lugha.

Waganda nao wametupita kwa hatua moja. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe za mapigano mnamo miaka ya 2000. Alipokuwa mtoto hakuingia katika jumba la sinema. Alizijua filamu kwa kusimuliwa na ndugu zake wakubwa waliozitazama. Yaani aliziona kwa masikio. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu dola 200 au chini ya hapo. Bunduki zake ni za mbao na vyuma chakavu, helikopta ni picha za kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe, na wapiganaji ni vijana wa mtaani waliojifunza kung fu. Leo inatazamwa Ulaya na Marekani.

Lakini kinachonisisimua mimi ni hiki: nakala ya awali ya filamu hiyo haipo tena. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, na Nabwana akaifuta ili apate mahali pa kazi nyingine. Nakala iliyonusurika ni ile iliyokwisha kutiwa sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania, anayeshangilia na kuwacheka wahusika toka mwanzo hadi mwisho. Hivyo basi matini asilia imepotea na ufasiri wake ndio umebaki. Wanafunzi wa fasihi, mna habari ya tendi ngapi za kale zilizotufikia kwa njia hiyohiyo?

Yamkini msomaji atadhani kwamba ninawatetea watengenezaji wa filamu hizi kwa kila jambo. La, hasha. Nina kesi nao, na ni kesi nzito.

Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, Nakuru na Naivasha ziliwaka moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika ghasia zile. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Niliwaona vijana wa rika langu, baadhi yao niliokaa nao benchi moja kibandani, wakishika barabara kwa mapanga na marungu, wamefunga vitambaa vichwani kama walivyofunga maharamia wa kwenye kioo. Kila mmoja alijiona steringi. Kila kundi liliamini kwamba linalipiza kisasi cha haki na kwamba adui ni yule wa ng'ambo ya barabara. Huo ndio uongo mkubwa wa filamu hizi: kwamba sheria ikianguka, haki itabaki mikononi mwa mtu hodari. Tulijionea wenyewe kinachobaki. Ikiwa kila mtu ni steringi, basi kila mtu ni jambazi katika filamu ya mwenzake.

Sisemi kwamba filamu ndizo zilizochoma nyumba. Nyumba zilichomwa na watu, na sababu zao zilikuwa ardhi, siasa na dhuluma zilizolimbikizwa kwa miaka. Naam, na wamo waliopanga na kufadhili, akina Fender wetu, wanaoyapenda magofu kwa sababu ndani yake wao hutawala. Lakini kijana anayekwenda kupigana huhitaji picha ya nafsi yake akilini, na picha ile alikuwa ameuziwa kwa shilingi tano.

Juma lililofuata nilikwenda katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, ambako maelfu ya waliofurushwa walikuwa wamepiga mahema, kuitafuta familia ya shangazi yangu. Nikiwa napita kati ya mahema niliwasikia watoto watatu wakisimuliana waliyoyaona. Mmoja, wa miaka minane hivi, alieleza jinsi watu walivyokuja usiku na petroli. Alisimulia kwa ufundi uleule wa kibandani, kwa tanakali za sauti na kwa kubadilisha sauti. Mwenzake akamuuliza, "Halafu?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Steringi hakuja."

Nimefunza isimu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Nimechambua sentensi nyingi. Sijakutana na sentensi fupi kuliko hiyo iliyobeba uzito zaidi. Mtoto yule alikuwa ameichukua kanuni ya filamu, akaipima kwa maisha yake, akaiona ina kasoro. Huo, walimu wenzangu, ndio uhakiki.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuitazama upya Cyborg kwa macho ya mtoto yule, nami nikaona jambo ambalo halikutupitia akilini sisi wa mwaka 1994. Anayeiokoa dunia katika kisa kile siye Gibson. Mateke yake yote hayamponyi mgonjwa hata mmoja. Mwokozi ni Pearl Prophet, mwanamke aliyebeba maarifa kichwani na kuyafikisha kwa madaktari. Sisi tulitoka kibandani tukiiga mateke. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyetaka kuwa Pearl.

Miaka ishirini baada ya filamu ile, Mkenya mwenzetu alimtoa nyuma mbeba maarifa na kumweka mbele. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, huchukua dakika zipatazo 21. Nayo ni ya dunia iliyoangamia: miaka 35 imepita tangu Vita Vikuu vya Tatu, vita vya maji, na watu wa Afrika Mashariki wanaishi chini ya paa, wakichuja jasho na mkojo wao ili wanywe. Humo hamna teke hata moja la kushangiliwa. Yumo Asha, mtunzaji wa makumbusho, anayepata udongo wenye unyevu, anaipanda mbegu ndani yake, na kutoka nje jangwani kuipeleka mahali itakapoota, akiupa mche maji yake ya mwisho. Mwanzoni mwa filamu pameandikwa neno la Kikuyu "maitu", yaani mama, likachambuliwa kuwa limetokana na "ukweli" na "wetu". Wanaisimu tunaweza kubishana kuhusu uchambuzi huo hadi usiku wa manane. Kinachonivutia ni kwamba mtengenezaji filamu aliona dunia ikiisha, na kitu cha kwanza alichokitafuta kikawa neno la lugha ya mama yake.

Steringi wa Pumzi anakufa. Mbegu ndiyo isiyokufa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusiwapige marufuku wanafunzi kuzitaja filamu hizi. Tuwatume wakazirekodi simulizi za watafsiri, wazinukuu, wazichambue kama tunavyochambua ngano na tendi. Mtaala wenyewe unataka watoke nyanjani wakusanye fasihi simulizi. Nyanja imo mtaani mwao. Pili, kila filamu ikitajwa darasani, tuulize maswali mawili: nani aliyeshinda, na nani aliyebeba kitu cha thamani? Aghalabu majibu hayatakuwa mamoja. Tatu, tuwape wanafunzi wetu nafasi ya kutunga maangamizi ya kwao. Nakuru haina upungufu wa mandhari. Yako machimbo meupe ya Kariandusi, iko miti mikavu iliyosimama majini tangu Ziwa Nakuru lianze kufurika katika mwongo wa 2010, iko kasoko ya Menengai. Mtayarishaji maskini angelia kwa furaha. Lakini sisi tunaoishi hapa twajua kwamba magofu ya kweli hayahitaji kubuniwa, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyasimulia: ukiwa, mahame, kiyama.

Na ile insha? Nimeirudisha kwa mwenyewe. Sikubadilisha alama, kwa kuwa mwalimu ndiye hakimu wa darasa lake, na ni kweli kwamba kisa hakikugusa methali. Nimemwomba mwalimu jambo moja tu, naye amekubali: kijana apewe ruhusa ya kuiandika upya. Pambizoni mwa ukurasa wa pili, pale ambapo maharamia wa kumi na moja anaanguka, nimemwandikia swali kwa penseli: "Huyu dada alikuwa akiyapeleka wapi maji?"

Nangoja jibu lake.